Netiweki ya Mama Mkwe

Jumamosi mchana, vyombo vilipokwisha kuoshwa na kufunikwa, Pengwini alipangusa meza kwa kiganja, akaweka kompyuta yake, na kando yake akaweka modemu mpya. Ilikuwa kitu cheupe cha ukubwa wa kidole gumba, chenye kifuniko upande mmoja na mdomo wa chuma upande wa pili. Alifungua kifuniko, akatia laini ya simu, akakirudisha, kisha akaichomeka kwenye kompyuta. Taa yake ikawaka kijani na kuanza kupepesa, kama jicho la mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Pengwini lilikuwa jina la kazi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na kila mashine iliyoletwa kwake ikiwa imekufa kwa virusi au kwa uzee, aliifuta na kuitilia Linux, mfumo wa bure ambao alama yake ni ndege pengwini. Wateja walirudi kwao na mashine zilizofufuka, fundi akabaki na jina. Mkewe naye alimwita hivyo, kwa mapenzi. Mama mkwe wake hakumwita hivyo. Hakumwita kwa jina lolote.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kibarazani, upande wa pili wa ukuta, akichambua maharage.

Wawili hao walikuwa wakiishi nyumba moja kwa sababu ya mtu ambaye hakuwepo. Mke wa Pengwini alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipokomaa kidogo, daktari alimlaza katika hospitali kubwa ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na kumkataza kushuka kitandani mpaka atakapojifungua. Miguu ya mama yake haikuweza tena safari kama hiyo, na mumewe hakuweza kufunga kibanda. Kabla ya kuondoka alimwomba mama ahamie kwao.

"Kaeni pamoja," aliwaambia, "nisije nikalala kule nikiwaza nani amekula na nani hajala."

Wakakaa pamoja. Asubuhi walisalimiana, jioni wakasalimiana, na katikati walipishana kwa uangalifu kama watu wawili wanaobeba kioo kimoja. Heshima ya mkwe ina mipaka yake, lakini hii ilikuwa imevuka mipaka na kuwa kitu kingine. Siku ya posa mama mkwe alikuwa ameuliza kijana anafanya kazi gani, akaelezwa habari za ule mfumo usiolipiwa, naye akasema, "Kitu cha bure kina mwenyewe." Tangu siku ile Pengwini hakukumbuka kuambiwa naye neno jingine refu kama lile.

Alinunua modemu kwa sababu bondeni hakukuwa na netiweki. Mnara wa kampuni ya simu ulikuwa kilimani, ukionekana vizuri kutoka kila mlango, ila antena zake zilielekezwa upande wa pili, kwenye majumba yenye mageti. Wakazi wa bonde walishakwenda ofisi ya kampuni mara kadhaa. Kila mara kijana wa mapokezi aliwafungulia ramani kwenye skrini na kuwaonyesha kwa adabu: njano ni mahali penye netiweki, kijani ni mahali pasipo na watu. Bonde lilikuwa kijani. Waliangalia, wakashukuru, wakateremka kurudi kwenye nyumba zao.

Mimba ya pili ilipotoka, Pengwini alikuwa hospitalini na mkewe, na hapakuwa na njia ya kumpigia mama aliyekuwa bondeni. Habari zilimfikia kupitia mwuza mayai aliyekuwa amepanda kilimani na kukutana na mtu aliyepokea simu ya mtu. Zilikuwa zimeshapoa. Mama alilia peke yake, wenzake wakiwa wamekwisha kulia na kunyamaza.

Safari hii Pengwini alipanda kilima kila jioni baada ya kufunga kibanda, akampigia mkewe, akateremka kutoa taarifa kibarazani.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Haya," alisema mama mkwe.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu zaidi ya siku. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa sokoni alipomwambia kwamba modemu, ikiwekewa waya mrefu na kutundikwa juu, huvuta netiweki ambayo simu haiioni.

Modemu za aina ile zina tabia inayowasumbua watu wa Linux. Ukiichomeka, haisemi kwamba ni modemu. Inasema ni diski, kwa kuwa ndani yake imebeba programu za mfumo mwingine, ule unaouzwa. Ni kama mgeni anayebisha hodi na kujitambulisha kwa jina la mzigo aliojitwisha. Ni lazima umwambie atue mzigo, ndipo akwambie yeye ni nani. Pengwini alifungua dirisha jeusi la amri, akaiuliza kompyuta ni kitu gani kimechomekwa. Ikajibu: diski. Kuna programu ndogo ya kuibadilisha tabia, na alikuwa ameshaipakua mjini na kuileta kwenye flashi, maana huwezi kuagiza mtandaoni kitu ambacho ndicho kitakachokuletea mtandao. Aliisakinisha, akaandika namba ya kiwanda na namba ya kifaa, akabonyeza. Taa ilizimika. Ikawaka tena. Akauliza upya, na kompyuta ikajibu: modemu.

"Umeona sasa," aliiambia.

Akaingiza namba ya siri ya laini, akaandika jina la lango la kampuni, akaweka namba ya kupigia, nyota, tisa, tisa, reli. Kila kitu kilikubaliwa. Kilichobaki ni nguvu ya netiweki, na hiyo ilikuwa sifuri.

Aliiweka dirishani. Sifuri. Akaunga waya wa kurefusha, akaifunga kwenye mpini wa fagio, akautoa nje. Sifuri. Akapanda kwenye stuli akaigusisha kwenye bati. Sifuri. Alikuwa juu ya stuli mama mkwe alipopita chumbani na sinia la maharage, akielekea jikoni. Namba kwenye skrini ikaruka hadi sitini. Alipoingia jikoni ikaporomoka. Aliporudi na kikombe cha maji ikapanda tena, na alipotoka nje ikafa.

Pengwini alikuwa fundi, na fundi hufuata kipimo kinaposema. Aliteremka, akabeba kompyuta na fagio lenye modemu, akaketi kibarazani kwenye ngazi ya chini, karibu na mkwewe kuliko alivyowahi kuketi. Ikawa sitini. Mama mkwe aliinuka kwenda kuanua nguo. Pengwini akainuka nyuma yake na kompyuta mikononi. Mama mkwe alikwenda kuumwagia maji mche wa pilipili, fundi naye akasimama kando ya mche. Alipogeuka kurudi, wakakutana uso kwa uso.

"Baba," alisema mama mkwe, "umenifuata tangu kibarazani kama kifaranga. Kuna jambo?"

"Kuna jambo, mama. Netiweki iko kwako."

Mama mkwe alijiangalia. "Kwangu wapi?"

Pengwini alinyoosha mpini wa fagio, na kwa heshima, kwa mbali, akaupitisha karibu na bega, karibu na kichwa, karibu na mikono. Aliangalia skrini.

"Mikononi."

Mama mkwe aliifungua modemu kutoka kwenye mpini, akaishika. Taa iliacha kupepesa, ikageuka bluu na kutulia. Namba ikasimama kwenye mia.

"Ndivyo ilivyokuwa zamani pia," alisema huku akijipangusa mkono mwingine kwenye gauni. "Ila sisi tulikuwa na waya."

Pengwini alijua, kwa kusikia, kwamba mkwewe aliwahi kufanya kazi posta. Hakuwahi kuuliza kazi gani. Ilikuwa ya kuunganisha simu. Tangu usichana mpaka mvi zake za kwanza alikaa kwenye kiti mbele ya ubao wenye matundu, masikio yamefunikwa, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, na kila aliyetaka kuongea na mtu mji huu au mwingine alipitia mikononi mwake.

Walimpigia mkewe Pengwini muda uleule. Uso wake ulitokea kwenye skrini, umelazwa juu ya mto wa hospitali, mashavu yamejaa. Mama yake alikuwa hajauona tangu siku ya basi.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Na Pengwini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapa, ameshika kompyuta kama trei la harusini."

Yule aliyelazwa aliwaangalia wote wawili, mama na mume, wamebanana kwenye kioo kimoja. Alijifunika uso kwa shuka, na shuka ikatikisika kwa muda. Mama yake hakumharakisha. Katika kazi yake ya zamani alijifunza kwamba mtu anayelia kwenye laini bado yuko kwenye laini.

Kuanzia siku hiyo, asubuhi kabla ya kibanda na jioni baada yake, mama mkwe alikaa kibarazani akiwa na modemu mkononi, waya mrefu ukipita juu ya magoti yake, na binti akawa yupo nao. Mikono yake ilianza kujua vinavyopita. Sauti zilimwasha kidogo, kama mkono uliokaliwa. Picha zilikuwa nzito na zilikwaruza. Barua pepe zilipita kama maji ya uvuguvugu. Ikawa pia anajua simu inakuja kabla haijalia. Aliweka chini kisu au sindano, akasema, "Kuna mtu," na Pengwini akaiamsha kompyuta.

Katikati ya simu moja na nyingine, palikuwa na muda, na muda huo ukaanza kujaa maneno. Mama mkwe alimsimulia habari ya mwisho wa kazi yake. Jumatatu moja waliingia wakakuta mtambo mpya, unaounganisha wenyewe. Kulikuwa na utepe, na meneja akaukata. Alihutubia. Aliushukuru mtambo, akawashukuru wageni, akamshukuru fundi umeme. Wanawake wa ubaoni walisimama ukutani mpaka soda zikaisha, ndipo wakaambiwa kwamba kesho wasije. Laini za posta zilikuja kununuliwa na kampuni hiihii yenye mnara kilimani.

"Kwa hiyo nilipoambiwa binti yangu anaolewa na mtu wa mashine," alisema, "nikakuweka fungu moja na meneja."

Pengwini alimwambia kuwa mashine zinazokuja kwake karibu zote ni zile zilizokwisha kutupwa na mtu.

"Nimeziona," alisema mama mkwe. Kisha akaongeza, "Zinawaka vizuri."

Jirani wa kwanza kuja alikuwa mwashi aliyekuwa akijenga ukuta mtaa wa chini. Dada yake alikuwa akiugua mbali. Pengwini aligundua kwamba kompyuta inaweza kugawa netiweki kwa simu zilizo karibu, hivyo mwashi akaketi kwenye ngazi na kuongea na dada yake mpaka chokaa ikamkaukia mikononi. Baada yake akaja mwalimu wa chekechea, kisha fundi cherehani aliyetumiwa vipimo kwa picha. Hakuna aliyeshangaa. Walichouliza ni kama mama ameshapumzika na anakula saa ngapi.

Mama mkwe aliweka taratibu za ubaoni. Mmoja mmoja. Anayengoja asisikilize ya mwenzake. Habari mbaya zipewe nafasi kwanza. Mtu akizungumza upuuzi kwa muda mrefu na wengine wamejaa, alisema bila kugeuka, "Muage sasa," na mtu akaaga. Mikono yake ilipokuwa imeshikwa na kazi hiyo, mikono mingine ilifanya kazi zake. Mwashi alimjazia mapipa ya maji. Fundi cherehani alifua. Seremala wa kona, ambaye hakuwa na wa kumpigia, alimletea kiti chenye mikono kwa sababu alipenda tu kusikia watu wanaongea. Watu wakaanza kumwita Mama Laini.

Pengwini alishukuru moyoni kila siku, ila hakujua alianzie wapi kulisema jambo hilo kwa mkwe, akawa analisema kwa vitendo. Aliishonea modemu kifuko cha kitambaa ili chuma kisimchome. Alijifunza kukaanga vitunguu.

Injinia wa kampuni alikuja siku ya kazi, saa nne asubuhi, amevaa kofia ngumu. Alieleza kwamba mitambo yao ilikuwa ikipokea simu nyingi kutoka mahali pa kijani, na ametumwa kuangalia. Alikuwa mtu mpole. Alitoa kipimo chenye pembe mbili, akazunguka nacho uani, kisha pembe zikamleta mpaka kwenye kiti. Akasoma. Mia. Akakubali kikombe cha chai.

"Naomba nizime modemu kidogo," alisema, "nipime bila hiyo."

"Usizime," alisema mama mkwe. "Kuna mtu."

Pengwini, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajaondoka, aliifungua kompyuta. Ilikuwa namba ya mkewe, lakini sura iliyotokea ilikuwa ya muuguzi. Alisema kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayetembea. Presha imepanda. Daktari hangoji tena, wanamtoa mtoto sasa hivi, kabla ya wakati wake. Mgonjwa atakuwa macho, ametiwa ganzi chini tu. Amekataa kuingia mpaka apewe mama yake.

Kisha sura ikageuka dari, dari ikakimbia, taa moja baada ya nyingine, na sauti ya mkewe ikasikika.

"Mama, ongea na mimi."

"Naongea na wewe."

"Usikate."

"Sijawahi kukata laini ya mtu," alisema mama yake. "Nianze na wewe?"

Aliongea. Alimweleza mche wa pilipili umefikia wapi. Alimweleza jinsi Pengwini anavyokaanga vitunguu, anavyovisimamia kama mlinzi wa benki. Mwashi alisimama kwenye ngazi na simu yake haikutoka mfukoni. Na wengine waliokuwa wakingoja zamu walizima zao ili wasile nafasi. Modemu ilianza kupata moto. Mikono ya mama mkwe ilitetemeka, na kila ilipotetemeka sauti ilikatikakatika.

Pengwini alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mkwewe kwa chini, viganja vyake vikawa chini ya vya mama. Hakuwahi kumgusa kabla ya hapo. Sauti ikarudi nzima. Fundi cherehani alileta kitambaa kilicholowa akakizungusha kwenye vifundo vya mikono ya mama, akakibadilisha kilipopata joto, akakibadilisha tena.

"Mama, miguu yangu siisikii," ilisema sauti.

"Mimi yangu siisikii miaka mingi. Tuendelee."

Injinia alikuwa amesimama nyuma yao, macho kwenye kipimo. "Haijashuka," alisema kwa sauti ya chini. "Bado mia."

Jua lilihama kwenye ngazi likapanda ukutani. Mama mkwe aliishiwa na habari za nyumbani, akaanza za posta: watu waliopigiana simu kutaka kuoana wakaishia kugombana, mzee aliyepiga kila Ijumaa namba ambayo haikuwahi kupokelewa na akashukuru kila mara. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Mikono yake ilitulia.

"Analia," alisema.

Kwenye spika hapakuwa na kitu ila vyuma vikigusana. Kisha kilio kikafika, chembamba na chenye hasira, kikajaa kibaraza, na muuguzi akasema ni msichana, mdogo lakini anapumua mwenyewe, na mama yake mzima.

Pengwini hakuiachia ile mikono. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likaegemea juu yake.

"Asante, mama."

"Ya nini?"

"Ya kutushikia laini."

Mama mkwe alikuwa ameunganisha simu nusu ya maisha yake, na neno lile lilipita kwake mara nyingi likienda kwa watu wengine. Alichukua muda kutambua kwamba sasa limefika.

"Karibu, Pengwini," alisema.

Injinia aliwapongeza wote. Alisubiri wapangusane machozi, akamaliza chai yake, kisha akaanza kukunja pembe za kipimo. Alisema ana habari njema. Bonde lina netiweki kamili, ubora wake unapita hata ule wa kilimani, na ombi la wakazi la kugeuziwa antena linaweza kufungwa.

"Netiweki ni mama mkwe wangu," alisema Pengwini.

"Nimeona," alisema injinia. "Ila kipimo kinasoma netiweki, hakisomi mtu."

Pengwini alimuuliza itakuwaje akiumwa, au akisafiri, au akitaka tu kulala mchana. Injinia alikiri kuwa ni swali zuri. Aliuliza kama ingewezekana kiti kisogezwe kidogo kuelekea ukingo wa kibaraza, ili na nyumba za chini zifaidike. Akaichukua modemu, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Modemu nzuri hii," alisema. "Imefanya kazi."

Akampa Pengwini mkono, akapanda kilima.

Wiki iliyofuata wajumbe wa mtaa walikwenda ofisi ya kampuni kuzungumzia antena. Kijana wa mapokezi aliwafungulia ramani. Bonde lilikuwa njano, duara kamili, na kitovu cha duara kilikuwa kibaraza cha Pengwini. Hivyo, kwenye ramani, wakazi wale walitoka katika kutokuwepo wakaingia moja kwa moja katika kuhudumiwa, bila kupitia hali ya kukosa. Waliangalia. Safari hii hawakushukuru. Waliteremka, wakasogeza kiti cha Mama Laini pale alipotaka yeye, penye kivuli, na wakakubaliana wenyewe kwamba mchana analala na bonde zima linanyamaza.

Mke wa Pengwini alirudi mtoto alipokwisha kupata uzito. Kitoto kililala vizuri zaidi mapajani mwa bibi yake wakati wa picha nzito, kwa sababu ya ule mkwaruzo. Mke alizoea haraka hali aliyoikuta: watu kwenye ngazi, mapipa yamejaa, na mumewe na mama yake wakibishana juu ya chumvi kama watu waliozaliwa tumbo moja. Jioni moja alimwambia mumewe kwamba akiwa kule kitandani aliomba vitu viwili, mtoto na mapatano ya hawa wawili, na akadhani cha pili ndicho kigumu.

Siku moja, wakati kibaraza kimejaa, mama mkwe alisema kitu ambacho hakuwahi kukisema.

"Na mimi nina mtu nataka kumpigia."

Ilibainika kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Alieleza kuwa kule posta wasimamizi waliwaita kwa namba za viti. Yeye alikuwa Nne. Kulia kwake alikaa Tano, na waliachana ukutani pale, soda zilipokwisha, bila kuagana vizuri. Pengwini aliuliza huku na huku kwa siku kadhaa, mtandaoni na sokoni, mpaka mjukuu wa Tano akajibu kutoka mji ambao hata hawakuudhania.

Picha ilipofunguka, walimwona bibi mnene aliyeketi kibarazani kwenye kiti chenye mto. Nyuma yake kulikuwa na benchi, na kwenye benchi watu, kila mmoja na simu yake. Mkononi alishika kitu kidogo cheupe.

"Nne," alisema.

"Tano," alisema mama mkwe. "Umenenepa."

"Nakaa tu. Na wewe naona unakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mjukuu aninunulie hiki kidude. Kwenu mnara upo?"

"Upo. Umeangalia kwingine."

"Na wa kwetu." Tano alicheka mpaka benchi zima likatabasamu bila kujua sababu. Akauliza kama kuna aliyekuja kumshukuru.

Mama mkwe aliwatazama mwashi, mwalimu, fundi cherehani, mkwewe aliyechuchumaa na waya. "Hawa hapa, kila siku, mpaka nachoka. Wale wa utepe, hapana."

"Hivyohivyo na kwangu," alisema Tano.

Hayo yakaisha. Wakahamia kwenye magoti, na waume waliokufa, na nani alizaa na nani. Tano alikuwa na habari za Moja na za Saba. Nao walikuwa wamekaa mahali, kila mmoja na kidude chake. Mtoto aliamka, akaonyeshwa, akasifiwa pua. Ilikuwa zamu ya mwashi, lakini mwashi alisema dada yake hakimbii, ataongea naye kesho. Kule upande wa pili, benchi nalo halikujitikisa.

Mama mkwe alimwambia Pengwini asogeze kompyuta kivulini kidogo, jua linamchoma mwenzake usoni.

Pengwini akaisogeza. Tano, huko aliko, akafumbua macho vizuri na kushukuru.